Proxmox VE kwa duka lenye seva moja: nilichokiona Nairobi

Kazi yangu ni kutunza seva za watu wasio na haja ya kujua seva ni nini. Duka la jumla la vipuri vya magari Kirinyaga Road, kliniki moja Umoja, shule ya kibinafsi Kasarani, na wakala wa kupitisha mizigo Industrial Area. Wote wako kwenye Proxmox VE, programu ya kugawa mashine moja ya chuma kuwa mashine pepe kadhaa, na mafundi wenzangu hawaishi kunipigia simu kuuliza kama kweli inafaa au ni sifa tu. Inafaa. Ila sababu yangu si ile inayorudiwa kila mahali, kwamba ni ya bure. Naipenda kwa sababu inanirahisishia kuzima na kuwasha upya mashine mwenyeji, yaani ile ya chuma inayozibeba zile pepe, bila kumkera mtu, na katika kazi hii hilo lina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Acha nieleze kwa kutumia lile duka la vipuri. Mwanzoni mashine ya chuma ilikuwa moja, Dell PowerEdge R730 ya mtumba, iliyokaa kwenye chumba kidogo nyuma ya stoo ya shokabzoba. Ndani yake kuna mashine pepe ya mauzo, ya uhasibu, ya mafaili, ya kamera, na moja inayotoa ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa Kenya. Ikiganda saa nne asubuhi, ankara hazitoki, mhasibu anakaa mikono mapajani, na mteja aliyepanda matatu kutoka Thika kufuata beringi anasimama kaunta akitazama saa. Hakuna data iliyoibwa. Hakuna faili lililoguswa. Na bado biashara imefungwa mchana kweupe.

Ndiyo maana udhaifu wa kunyima huduma katika programu za kugawa mashine unanisumbua kuliko hata baadhi ya ule wa kuiba siri. Wakenya wengi walilisikia jina la shambulizi la aina hii Julai 2023, eCitizen ilipolemewa na watu wakakosa huduma za serikali kwa siku kadhaa. Lile lilitoka nje, maombi mengi kupita kiasi yakimiminwa kwa njia ya mtandao. Ninalolisema mimi linatoka ndani. Halihitaji jeshi la kompyuta. Linahitaji mashine pepe moja tu, yenye mtu mbaya au programu mbaya ndani yake, na haipavaiza, yaani ile programu ya kugawa mashine, ambayo haijazibwa. Ni ploti yenye mita moja ya stima: mpangaji mmoja akichomeka jiko linalolipua fyuzi, ploti nzima inaingia giza, hata yule aliyekuwa anapiga pasi shati lake kwa utulivu.

Mteja wangu mmoja aliyaonja haya kabla hatujanunua mashine yake. Alikuwa amekodi seva pepe kwa kampuni fulani ya hapa mjini. Ikawa inaganda ovyo, inarudi, inaganda tena, na ndani ya seva yake sikuona kosa lolote: hakuna logi, hakuna kumbukumbu iliyojaa, saa inaruka tu kutoka dakika moja hadi nyingine kana kwamba zile za katikati hazikuwapo. Nilipobana maswali, mhudumu wao akanijibu kwa fahari kwamba tatizo haliwezi kuwa kwao, maana mwenyeji wao hajawahi kuwashwa upya kwa zaidi ya mwaka mzima. Nilikata simu nikamwambia mteja tuhame. Mwenyeji wa Linux aliyekaa mwaka mzima bila kuwashwa upya, kama hana mfumo wa kuzibia kerneli, ule moyo wa mfumo wake, ikiwa hai, anatembea na kerneli ya mwaka jana, pamoja na matundu yote yaliyotangazwa tangu siku hiyo. Ile namba aliyojisifia ndiyo iliyonitisha.

Matundu yenyewe si ya kubuni. Novemba 2015 zilitangazwa CVE-2015-5307 na CVE-2015-8104 (CVE ni namba rasmi ya kutambulisha udhaifu). Prosesa ikikuta kosa la aina fulani ndani ya mgeni, yaani mashine pepe, kazi yake ni kumpasha mgeni habari ya kosa hilo ili alishughulikie. Mgeni mwovu aliweza kupanga mambo yake hivi kwamba kule kupashwa habari kwenyewe kunazaa kosa lile lile. Prosesa inaanza kupasha habari, kosa linazaliwa, inaanza upya, na hakuna mwisho, maana yote yanatendeka ndani kabisa ya prosesa, mahali ambapo haipavaiza haiwezi kuingia na kusema basi. Kiini hicho cha prosesa kimekwenda, na mwenyeji anaweza kwenda nacho. KVM, haipavaiza iliyo ndani ya Proxmox, iliathirika; Xen na VirtualBox, haipavaiza nyingine, nazo. Dawa ikawa haipavaiza kuyadaka makosa hayo yenyewe kabla mgeni hajaachiwa.

Lingine lilikuja Novemba 2019, CVE-2018-12207, nalo linaihusu moja kwa moja R730 yangu ya Kirinyaga Road, kwa kuwa Xeon za kizazi chake zimo kwenye orodha ya Intel. Kumbukumbu hugawanywa kwa kurasa, ndogo za kilobaiti 4 na kubwa za megabaiti 2, na prosesa huweka karibu orodha fupi ya kurasa ilizotumia ili isipoteze muda kuzitafuta. Mgeni akibadilisha ukubwa wa ukurasa kwa hila, prosesa inapokwenda kuchukua maagizo inaweza kukuta anwani moja imeandikwa mara mbili kwenye ile orodha, moja kubwa na moja ndogo. Haijui ishike ipi. Inatangaza kosa la mashine, na mwenyeji mzima anaanguka. Prosesa za AMD hazikuguswa na hili.

Udhaifu huu ulipewa alama 6.5 kati ya 10, daraja la kati. Hesabu yenyewe haina kosa: siri hazivuji, data haibadilishwi, kinachopotea ni upatikanaji peke yake. Lakini nimeona mafundi wazuri wakipanga viraka kwa kufuata alama, 9 kwanza, 8 baadaye, 6 tutaona Krismasi. Kwa benki yenye mashine mia hilo lina mantiki, kwa sababu moja ikianguka zimebaki nyingine tele. Kwa mwenye mashine moja, upatikanaji ndio biashara yenyewe.

KVM ilizibwa kwa ustadi ninaoustahi. Kurasa kubwa huwekewa alama kwamba haziruhusiwi kuendesha maagizo. Mgeni akitaka kuendesha maagizo ndani ya ukurasa mkubwa, KVM inaupasua kwanza kuwa kurasa ndogo, na hivyo zile anwani mbili zinazogongana hazipati nafasi ya kutokea. Gharama ipo, kasi kidogo inapungua kwa kazi zinazopenda kurasa kubwa. Ukiwa kwenye Proxmox unaweza kujionea mwenyewe kama kinga imewaka. Fungua kituo cha amri cha mwenyeji na uandike:

cat /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/itlb_multihit

Kwenye mashine ya duka jibu ni «KVM: Mitigation: Split huge pages», yaani kurasa zinapasuliwa, uko salama. Ukiona neno «Vulnerable», acha kunywa chai. Faili hilo lina majirani wake kwenye folda ileile, kila mmoja na udhaifu wake wa prosesa, na mimi huyasoma yote kila ninapopokea mashine ya mtumba kutoka kwa muuzaji.

Nisije nikawatisha bure: si kila udhaifu wa kunyima huduma unaangusha mwenyeji. Kila mashine pepe kwenye Proxmox ni mchakato wake wa QEMU, programu inayoiga vifaa vya kompyuta, na nyingi ya hitilafu za QEMU huishia kuua mchakato huo mmoja. CVE-2015-6815, kwa mfano, iliifanya kadi ya mtandao ya kuigwa ya e1000 izunguke bila kikomo, na aliyeumia ni mgeni mwenyewe aliyeanzisha. Hiyo naizibia kwa ratiba ya kawaida. Zinazonifanya nipige simu kwa mteja siku hiyohiyo ni zile zinazopita mpaka wa mgeni. Kati ya hizo mbili kuna za aina ya VENOM, CVE-2015-3456, iliyotangazwa Mei 2015: hitilafu iliyolala tangu 2004 katika msimbo unaoiga kidhibiti cha diski za flopi. Ilimuua mgeni kwa uhakika, na pia ilifungua njia ya kutoka kwenda kwa mwenyeji. Hata aliyeondoa flopi kwenye mipangilio yake hakupona, kwa kuwa kidhibiti chenyewe kilibaki kikifikika. Tangu hapo siamini maneno ya «hicho sikitumii».

Sasa bidhaa yenyewe. Proxmox VE hutengenezwa Vienna, Austria, ilianza 2008, imejengwa juu ya Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, na inaunganisha KVM kwa mashine pepe kamili na LXC kwa kontena. Unaiendesha kwa kivinjari kupitia poti 8006. Usakinishaji ni mwepisi kiasi kwamba sina la kueleza: flashi, maswali machache, umemaliza. Waliotoka VMware, mshindani wake wa kulipia, baada ya Broadcom kuinunua Novemba 2023 na kuondoa leseni za kudumu, wana kisaidizi cha kuleta mashine zao kutoka ESXi, haipavaiza ya VMware. Wakala wa mizigo wa Industrial Area nilimhamisha kwa njia hiyo na mashine zake za Windows zikaamka vizuri.

Lakini kuna mtego, na huu ndio ninaotaka kila fundi wa mtaani ausome mara mbili. Ukisakinisha bila kulipia usajili, mfumo unaelekezwa kwenye ghala la programu la wateja wanaolipa, nalo linakukatalia. Ghala za Debian zinaendelea kufanya kazi. Kwa hiyo ukibofya kusasisha, unaona vifurushi vinashuka, unaona mistari inapita, unadhani umemaliza. Kilichoshuka ni vya Debian tu. Kerneli na QEMU kwenye Proxmox haziji kutoka Debian, ni vifurushi vya Proxmox wenyewe, na hizo mbili ndizo zinazosimama kati ya mgeni na mwenyeji. Unaweza kukaa miaka miwili ukisasisha kila mwezi kwa uaminifu na mlango muhimu ukawa haujaguswa. Kosa linaandikwa kwenye skrini, ndiyo, katikati ya mistari mingine mingi, na fundi aliye haraka haoni.

Tiba ni kubofya mara chache: ingia kwenye mwenyeji, fungua ukurasa wa maghala, ongeza ghala la wasio na usajili, zima lile la kulipia. Ningependa msakinishaji aulize swali hilo mwanzoni kabisa badala ya kumwachia mtu agundue. Ile taarifa inayotokea kila unapoingia kukukumbusha kwamba huna usajili hainiudhi, watu wanatafuta riziki yao. Hili la maghala linaniudhi kwa sababu linagusa usalama. Ghala la bure lenyewe hupata vifurushi mapema kuliko la kulipia, kabla havijajaribiwa kwa kiwango kile kile, kwa hiyo kwa kliniki, ambako kuna rekodi za wagonjwa, nilisisitiza usajili ulipwe. Unalipwa kwa euro, kwa kila soketi ya prosesa, kwa mwaka. Mwenye kliniki aliguna, akalipa.

Kerneli mpya ikishashuka haifanyi kitu mpaka mwenyeji awashwe upya, na hapa ndipo mazungumzo magumu yalipo. Mzee mwenye duka la vipuri aliniuliza mara ya kwanza, «Fundi, mashine inafanya kazi vizuri, wewe unataka kuizima ya nini?»

«Ili isizimwe na mtu mwingine, mzee.»

«Na wateja wangu?»

«Jumapili usiku, mzee, duka limefungwa.»

Alikubali, lakini shingo upande, na kweli Jumapili usiku Kirinyaga Road si mahali pa kuchezea peke yako. Ndipo tukanunua R730 ya pili. Hapa Proxmox ilinivutia kweli. Mashine mbili nimeziunga kuwa klasta, kundi moja linaloamua kwa wingi wa kura, na kwa kuwa kura mbili hazitoshi moja ikipotea, nimeweka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi kama mpiga kura wa tatu. Diski za mashine pepe ziko kwenye ZFS, mfumo wa kuhifadhi data, na zinanakiliwa kutoka mashine moja kwenda nyingine kila robo saa. Siku ya kuziba, nabofya mashine ya mauzo, nachagua kuhamisha, na inavuka ikiwa hai. Nimewahi kufanya hivyo mchana, nikiwa nimesimama nyuma ya mhasibu aliyekuwa akiandika ankara. Kielekezi chake kilisita kwa kitambo kidogo, kisha akaendelea kuandika. Hakugeuka. Nikawasha upya mwenyeji aliyebaki mtupu, kerneli mpya ikaingia, nikazirudisha mashine, nikafanya na upande wa pili. Duka halikufungwa hata dakika moja.

Anayetaka kufanya hivi aangalie aina ya prosesa anayoipa mashine pepe. Toleo la 8 na kuendelea huweka x86-64-v2-AES kwa kawaida, na hiyo huvuka bila shida kati ya vizazi tofauti. Ukichagua «host» ili upate kasi yote, halafu mashine ya pili ikawa na prosesa tofauti, uhamisho unaweza kukataa au mgeni akaanguka akishafika. Kwenye soko la mtumba la Nairobi si rahisi kupata mbili zinazofanana kama mapacha, basi acha chaguo la kawaida.

Kontena za LXC zinahitaji neno lake. Ni nyepesi, zinaamka haraka, na shule ya Kasarani inazitumia kwa tovuti yake na kwa seva ya kuchapisha. Lakini kontena linatumia kerneli ileile ya mwenyeji. Kitu ndani yake kikiangusha kerneli, hakuna ukuta wa pili. Kwa hiyo programu ambayo sijui ilikotoka, au ile ambayo mtu wa nje amepewa nywila yake, naifungia ndani ya mashine pepe kamili, hata kama inakula kumbukumbu zaidi. Mwalimu wa kompyuta aliomba kontena la wanafunzi kufanyia majaribio ya kuandika programu. Nilimpa mashine pepe yenye viini viwili, kikomo cha kumbukumbu, na kikomo cha kuandika kwenye diski. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayejifunza kuita programu ijizae yenyewe bila kusimama hana ubaya wowote moyoni, ila matokeo kwa jirani zake ni yale yale.

Vikomo hivi viko wazi kwenye Proxmox na watu hawavitumii. Kila diski pepe unaweza kuiwekea kiwango cha juu cha megabaiti kwa sekunde na idadi ya shughuli kwa sekunde, kila kadi ya mtandao kasi yake, kila mashine sehemu yake ya prosesa. Na usigawe kumbukumbu kuliko uliyo nayo. Ikikwisha, kerneli ya mwenyeji huchagua mchakato mkubwa na kuuua, na mchakato mkubwa kwenye nyumba hiyo kwa kawaida ndiyo mashine ya mauzo. ZFS nayo inakula kumbukumbu kwa ajili ya kashe yake. Matoleo ya zamani yaliiachia hadi nusu ya yote, na tangu 8.1 msakinishaji huipunguza hadi asilimia 10, isizidi gibibaiti 16. Kama umepandisha toleo kutoka zamani bila kusakinisha upya, kiangalie kikomo hicho mwenyewe.

Kwa duka, kliniki, shule au ofisi yenye mtu wa kuitunza, sijaona kitu cha kuishinda kwa bei yake, na ningeiweka hata kama ingekuwa ya kulipia. Mwenye ofisi anayetaka kuiweka na kuisahau, namkatalia. Wiki iliyopita jamaa wa Gikomba mwenye biashara ya vitambaa aliniomba nimsakinishie, akasema wazi kwamba baada ya hapo hataki kuniona hadi iharibike. Nilimwonyesha zile hatua za Jumapili usiku, akasema hana nafasi nazo. Nimemtafutia huduma ya kukodi ambako kuna watu wanaolipwa kuziba, na swali la kwanza nililowauliza kwa niaba yake lilikuwa mwenyeji wao aliwashwa upya lini. Walinipa tarehe ya mwezi uliopita, pamoja na namba ya kerneli.